Kamina: pale reli ya wanafunzi inapokutana na mlango wa jeshi

KAMINA, Haut-Lomami – Muji huu unajulikana kwa vitu viwili: reli na Base. Reli ndiyo iliyouzaa muji. Hapa ndipo njia inayotoka Lubumbashi inagawanyika: mkono mmoja unaelekea Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo, mwingine unaelekea Kabalo, na kutoka Kabalo mpaka Kindu au Kalemie. Base ni kambi kubwa ya jeshi yenye uwanja wa ndege, iliyojengwa na Wabeleji nje ya muji miaka kumi hivi mbele ya uhuru.

Kwa miaka mingi vijana wa Kivu, Maniema na Kasai walipita Kamina wakienda kusoma Lubumbashi. Tangu vita ya M23 irudi, vijana wengine wanafika hapa kwa sababu tofauti. Wameacha masomo, wameandikishwa katika jeshi, na Base ya Kamina ni moja ya vituo vikubwa ambapo FARDC inafundisha askari wapya. Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu na Lubumbashi, jina hili linatajwa kwa sauti ya chini: mtoto yuko Base.

Si mara ya kwanza katika historia ya Kongo chuo kikuu na jeshi kukutana njiani. Zaidi ya miaka 50 sasa, kila vyuo vikuu vinapowaka, serikali hutafuta jibu upande wa kambi. Kuna wakati ilituma askari kwa wanafunzi. Kuna wakati iliwageuza wanafunzi kuwa askari. Leo inawaita waje kwa hiari. Kuelewa tofauti ya mambo haya matatu kunaweza kumsaidia mzazi ambaye mtoto wake amesimama mbele ya uamuzi huo.

Base iliyoona vita zote

Wabeleji walianza kujenga Base ya Kamina kuelekea mwaka 1950. Vita baridi ilikuwa imeanza, na Brussels ilitaka mahali pa kukimbilia na kujipanga kama Ulaya ingevamiwa tena. Walichagua uwanda huu wa Katanga wenye hali nzuri ya hewa. Wakaweka viwanja vya ndege, shule ya marubani na mahali pa kuzoeza askari wa miavuli.

Vita waliyoingoja haikuja kutoka Ulaya. Mwezi wa saba 1960, siku chache baada ya uhuru, askari wa Force Publique waliasi, na askari wa Ubelgiji wakatoka Kamina kwenda kuingilia kati katika miji ya Katanga. Tarehe 11 mwezi huo Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Kisha Umoja wa Mataifa ukachukua Base, na ndege za kivita za Uswedi zikatumia uwanja huu wakati wa kuimaliza serikali ya Tshombe mwishoni mwa 1962 na mwanzoni mwa 1963. Mwezi wa kumi na moja 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji walipita Kamina kwenda kushuka Stanleyville, ambayo leo tunaiita Kisangani. Wakati wa vita ya Kolwezi mwaka 1978, Base ilitumika tena. Miaka ya 1980, Wamarekani walipitishia hapa silaha za waasi wa UNITA wa Angola.

Baada ya mapatano ya 2002, Kamina ikawa kituo cha kuchanganya wapiganaji wa zamani ili waunde jeshi moja. Wale waliopigana upande huu na upande ule walikaa kambi moja, wakavaa nguo moja, wakatumwa pamoja. Kwa hiyo wakaaji wa Kamina wamezoea kuona wageni wakishuka kwa ndege na kwa gari la moshi, wakikaa miezi, kisha wakiondoka wakiimba.

Wanafunzi walikuwa sehemu ya msafara huo, kwa njia nyingine.

Kwa nini reli ilijaa wanafunzi

Wakati wa uhuru Kongo ilikuwa na vyuo vikuu viwili: Lovanium ya Wakatoliki kule Kinshasa, iliyofunguliwa 1954, na chuo kikuu cha serikali kule Élisabethville. Mwaka 1963 Waprotestanti wakafungua cha tatu kule Stanleyville. Wanafunzi walikuwa wachache, lakini walikuwa na sauti. Chama chao, UGEC, kilichoanzishwa 1961, kilijiona kama mlinzi wa mawazo ya Lumumba, na kilitaka Waafrika wenyewe waongoze vyuo na programu za masomo.

Mobutu, aliyechukua madaraka 1965, alianza kwa kuwabembeleza. Urafiki huo haukudumu. Mwanzoni mwa 1968, makamu wa rais wa Marekani, Hubert Humphrey, alikuja Kinshasa, na wanafunzi wakaandamana juu ya ziara yake. UGEC ikapigwa marufuku. Chama cha vijana wa MPR, JMPR, ndicho kilichobaki na ruhusa ya kusema kwa jina la vijana.

Tarehe 4 mwezi wa sita 1969, wanafunzi wa Lovanium walishuka kutoka mlima wao kuelekea katikati ya Kinshasa. Walidai ongezeko la bursi na haki ya kushiriki katika uongozi wa chuo. Askari walifyatua risasi. Serikali ilikubali vifo vya watu wachache tu. Wanafunzi walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Viongozi wao walihukumiwa, kisha wakasamehewa. Lakini maiti hazikurudishwa kwa familia ili zizikwe kama desturi inavyotaka, na jambo hilo halikusahauliwa.

Miaka miwili kamili baadaye, tarehe 4 mwezi wa sita 1971, wanafunzi wa Lovanium walitaka kuwakumbuka wenzao. Jeshi likazunguka chuo. Safari hii jibu la Mobutu lilikuwa jipya: alifunga chuo na kuamuru wanafunzi waandikishwe jeshini. Vijana kama elfu mbili, wa kike na wa kiume, walinyolewa na kupewa mavazi ya kijeshi. Wengi wao walirudi baadaye darasani wakiwa bado chini ya amri ya jeshi. Kundi la waliohesabiwa kuwa vichwa vya mambo lilihukumiwa kifungo cha maisha, mbele ya kusamehewa.

Adhabu ya pili ilifuata mwezi wa nane mwaka huohuo. Vyuo vikuu vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, chini ya mkono wa serikali, na vitivo vikagawanywa. Kinshasa ilibaki na udaktari, sheria na uchumi. Kisangani ikapewa mambo ya elimu na saikolojia. Barua, historia na sayansi ya jamii zikahamishiwa Lubumbashi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza matumizi na kuondoa masomo yanayorudiwa. Lakini kila mtu aliona pia kwamba wanafunzi wenye maneno mengi zaidi, wale wa siasa na falsafa, walikuwa wamepelekwa kilometa zaidi ya elfu moja na mia tano mbali na ikulu.

Hapo ndipo Kamina inapoingia katika maisha ya vijana wa mashariki. Chuo cha ULPGL cha Goma na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu vilikuja tu katika miaka ya 1980. Mbele ya hapo, Bukavu ilikuwa na ISP ya kufundisha walimu. Mwenye kutaka kusoma sosholojia au historia katika chuo kikuu alipaswa kusafiri. Njia moja ilikuwa ziwa mpaka Kalemie, kisha gari la moshi: Kabalo, Kamina, Bukama, Likasi, Lubumbashi. Wale wa Kasai walitoka upande wa Mwene-Ditu. Walikutana kwenye stesheni ya Kamina na masanduku yao, wengine wakijaribu kwa mara ya kwanza kusikilizana kwa Kiswahili cha Katanga. Reli hii ilisaidia kufanya Lubumbashi kuwa chuo cha inchi nzima, ambamo makabila yote yalilala bweni moja.

Usiku wa Kasapa

Ni umoja huohuo uliopigwa usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 mwezi wa tano 1990.

Tarehe 24 mwezi wa ine mwaka huo, Mobutu alitangaza kule N'Sele kwamba chama kimoja kimekwisha. Inchi ilifurahi. Siku tisa baadaye, tarehe 3 mwezi wa tano, akatoa hotuba nyingine iliyoonyesha kwamba hataki kuachia mambo haraka. Wanafunzi wa Kinshasa wakaingia barabarani, na moto ukafika Lubumbashi. Katika chuo kikuu, kule Kasapa, wanafunzi walianza kuwatafuta wenzao waliowashuku kuwa wapelelezi wa serikali. Baadhi ya walioshukiwa walipigwa vibaya. Jambo hili lisifichwe: kabla jeshi halijaingia, tayari wanafunzi walikuwa wanaumizana.

Kisha usiku, umeme ukakatika. Kikosi cha makomando kikaingia katika mabweni. Kulingana na ushuhuda wa waliopona, washambulizi walitumia neno la siri, «Lititi mboka», ili kutofautisha watu wa jimbo la Équateur, nyumbani kwa Mobutu, na wengine. Aliyejua kujibu aliachwa. Asiyejua alijikuta mbele ya kisu.

Ni watu wangapi waliokufa? Serikali ya Mobutu ilikubali kifo cha mtu mmoja. Mashirika ya haki za binadamu yalitaja makumi. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa na ikasimamisha msaada wake; Mobutu akajibu kwa kuwafukuza washirika wa Kibeleji na kufunga konsula zao. Kwa wanahistoria wengi, usiku ule ndio uliomtenga Mobutu na marafiki wake wa Ulaya kabla hata vita baridi haijasahaulika.

Mwaka 1991 aliyekuwa gavana wa Shaba, Koyagialo Ngbase te Gerengbo, alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Hakukimaliza. Mwaka 2012, Koyagialo huyohuyo alikuwa naibu waziri mkuu, na kwa majuma machache akashika nafasi ya waziri mkuu wa inchi. Alifariki 2014. Kwa familia zilizopoteza watoto Kasapa, safari ya mtu huyo kutoka gereza mpaka serikali ilisema yote kuhusu haki katika Kongo.

Kuna jeraha lingine lililobaki. Neno la siri liliwafundisha vijana kwamba kabila linaweza kuamua nani ataona asubuhi. Miaka miwili baadaye, Wakasai walianza kufukuzwa Katanga, na stesheni za reli zikajaa familia zilizongoja gari la moshi la kwenda inchi ya mababu ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Reli iliyoleta wanafunzi ikawa njia ya kufukuzia watu.

Moto mdogo, jeraha lilelile

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya Mobutu, yalipita. Lakini tuangalie karibu zaidi.

Mwezi wa kwanza 2019, siku chache baada ya Félix Tshisekedi kuapishwa, wanafunzi wa UNILU waliandamana wakilalamikia ukosefu wa maji na umeme na mambo ya pesa za masomo. Polisi walitumia risasi. Watu wasiopungua watatu walikufa. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa kwanza 2020, ilikuwa zamu ya UNIKIN kule Kinshasa. Wanafunzi walikataa pesa za masomo kupandishwa. Vurugu zikasababisha kifo cha polisi na majengo kuchomwa. Waziri wa masomo ya juu wakati ule, Thomas Luhaka, alisimamisha masomo na kuamuru mabweni yaachwe wazi. Maelfu ya vijana wa majimbo, wasio na ndugu Kinshasa, walijikuta nje na magodoro yao.

Ukiondoa majina na tarehe, utaona mashine moja inayozunguka. Serikali inatoa pesa kidogo sana kwa vyuo vyake. Chuo kinaishi kwa pesa za wazazi. Pesa hizo huhesabiwa kwa dolari, lakini mzazi anauza unga, samaki au nguo kwa franka. Franka inaposhuka, minervali inapanda bila mtu yeyote kupiga kura. Profesa anayecheleweshewa mshahara anagoma, au anauza silabusi. Mwaka wa masomo unachelewa. Mwanafunzi hana kamati inayosikilizwa, kwa sababu kamati nyingi zinajulikana zaidi kwa kupokea wanasiasa kuliko kubeba malalamiko. Basi inabaki barabara. Na barabarani anakutana na polisi, kisha askari.

Katika kila hatua ya mashine hiyo, kuna mtu wa raia ambaye angeweza kuisimamisha: waziri wa bajeti, rekta, mkuu wa kitivo, msemaji wa wanafunzi. Jeshi linaitwa wakati wote hao wameshindwa au wamenyamaza.

Mwito wa 2022

Tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2022, M23 ikiwa imechukua sehemu za Rutshuru, Rais Tshisekedi aliwaita vijana wajiandikishe kwa wingi jeshini. Katika miji ya mashariki, mamia ya vijana walijitokeza, na kati yao wanafunzi wa vyuo vikuu. Waliosikika kwenye redio siku zile hawakuonekana kama watu waliolazimishwa. Wengi walikuwa wamechoka kukimbia.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Mambo ya 2022 si mambo ya 1971. Mobutu aliwavalisha wanafunzi mavazi ya kijeshi ili kuwanyamazisha. Kijana wa Goma aliyeingia jeshini mwaka 2022 alikuwa anatetea muji wake, na Katiba iko upande wake: kifungu cha 63 kinasema kwamba kila Mkongomani ana haki na wajibu mtakatifu wa kutetea inchi. Mwaka 2023 sheria ikaunda pia jeshi la akiba, ili kuwapa nafasi wale waliokuwa tayari wanapigana nje ya FARDC. Hakuna mwenye haki ya kuwacheka vijana hawa.

Lakini kifungu hichohicho kinaongeza kwamba huduma ya kijeshi ya lazima inaweza kuanzishwa tu kwa masharti yanayowekwa na sheria. Maana yake, hata katika vita, kuna karatasi, kuna muda, kuna haki. Na hapo ndipo maswali ya wazazi yanapoanzia. Mtoto aliyekuwa mwaka wa pili wa uchumi, nafasi yake chuoni inahifadhiwa? Pointi zake zinabaki? Aliingia kwa muda gani, na nani atamwambia kwamba muda umekwisha? Akijeruhiwa mkono, nani atamlipia masomo aliyoyaacha? Maswali haya hayapingi jeshi. Jeshi lenye heshima lingekuwa la kwanza kuyajibu, kwa maandishi.

Kuna pia swali la hesabu. Vita inahitaji askari, lakini inahitaji vilevile daktari wa kupasua, injinia wa daraja, mwalimu wa watoto waliokimbia, mwanasheria wa kuandika ushuhuda. Mtu wa namna hiyo hatengenezwi kwa miezi sita ya mafunzo. Inchi inayochukua wanafunzi wake wote kuwapeleka mstari wa mbele inakula mbegu iliyopaswa kupandwa.

Goma na Bukavu: kusoma chini ya bendera mbili

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, M23 iliingia Goma. Tarehe 16 mwezi wa pili ikaingia Bukavu. Miji miwili yenye vyuo vikuu na taasisi nyingi zaidi upande wa Kivu ikajikuta chini ya utawala ambao Kinshasa haiutambui. Mabenki yalifunga. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifunga. Masomo yalisimama, kisha yakaanza tena pole pole, na viti vingi vitupu.

Kwa mtu asiyekaa huko, benki kufunga ni habari ya uchumi. Kwa mwanafunzi ni mwisho wa mwaka. Pesa za masomo zinalipwa benki. Karatasi ya benki ndiyo inayokufungulia mtihani. Mshahara wa profesa wa serikali unapitia benki. Asiyeupata anavuka mpaka kwenda kuuchukua kwingine, na kila safari ina gharama yake na hatari yake. Mzazi aliyetuma pesa kutoka Lubumbashi au Kinshasa alianza kutegemea simu na kulipa makato kila mara.

Juu ya hayo kuna woga. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa na mashirika ya haki za binadamu wameeleza juu ya vijana walioandikishwa kwa nguvu katika maeneo yanayoshikwa na M23, na juu ya vituo vya mafunzo kama Rumangabo na Tchanzu. Katika upande mwingine, vikundi vya Wazalendo navyo vinatafuta vijana. Mwanafunzi anayetembea na kitambulisho cha chuo mfukoni anaweza kuulizwa na huyu kwa nini hajajiunga, na yule kwa nini anaendelea kusoma chini ya adui.

Basi yeye ana njia tatu. Anaweza kubaki na kusoma, akijiuliza kama diploma yake itatambuliwa kesho. Anaweza kukimbilia Kisangani, Lubumbashi, Bujumbura au Kampala, na mara nyingi kuanza upya kwa sababu hakuondoka na karatasi ya pointi. Au anaweza kuvaa mavazi ya kijeshi. Njia hii ya tatu ndiyo pekee isiyoomba minervali. Inampa chakula na mahali pa kulala. Tukisema kwamba vijana wote wanakwenda Kamina kwa uzalendo tu, tunawapamba. Tukisema wanakwenda kwa njaa tu, tunawatukana. Mara nyingi yote mawili yanasafiri katika mfuko mmoja.

Na Kamina yenyewe?

Ni rahisi kusahau kwamba Kamina nayo ina wanafunzi wake. Tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, na ina chuo kikuu cha serikali, UNIKAM. Vijana wa Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu hawalazimiki tena kupanda gari la moshi mpaka Lubumbashi kwa kila somo. Ni jambo zuri, lakini linakuja na shida zile za vyuo vyote vya majimbo: vitabu vichache, maprofesa wanaotoka mbali kufundisha kwa haraka na kurudi, umeme wa kubahatisha.

Katika jimbo hilohilo, kule Kaniama-Kasese, serikali inapeleka vijana wa mitaani wa Kinshasa wanaoitwa kuluna, ili wajifunze kulima na kujenga chini ya Huduma ya Taifa. Kwa hiyo Haut-Lomami imebeba picha nzima ya namna serikali inavyowaona vijana: wengine wanakuja kufundishwa bunduki, wengine wanakuja kunyoshwa kwa jembe, na wale wanaokuja kwa ajili ya kitabu ndio wanaopewa kidogo zaidi. Mtoto wa Kamina anayekua akiangalia ndege za jeshi zikishuka na chuo chake kikikosa taa anajifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyelipanga.

Kinachoweza kufanywa sasa

Vita haitakwisha kwa sababu gazeti limeomba. Lakini kuna mambo ambayo hayangojei amani.

La kwanza, kila mwanafunzi anayeingia FARDC apewe barua kutoka chuo chake inayohifadhi nafasi na pointi zake, na nakala ibaki kwa rekta na kwa familia. Barua haina gharama kubwa, na ingemwonyesha kijana kwamba inchi inamngoja arudi.

La pili, wanafunzi waliokimbia Kivu wapokelewe katika vyuo vya serikali vya Lubumbashi, Kisangani na Kamina kwa ushahidi walio nao, hata kama ni picha ya simu ya karatasi ya pointi, na mambo mengine yathibitishwe baadaye. Vyuo vyetu vinajua kufanya hivyo. Vinangoja tu amri iliyo wazi.

La tatu, diploma ya kijana aliyesoma Goma au Bukavu isigeuzwe silaha na upande wowote. Aliyekaa darasani akasoma anatomia hakutia sahihi mkataba na waasi.

La nne, silaha zibaki nje ya chuo: za polisi, za askari, za Wazalendo, za M23, na pia fimbo za wanafunzi wanaojifanya mahakama. Kasapa ilitufundisha kwamba anayeanza kumtafuta mpelelezi katika bweni hajui nani atakuja kumalizia kazi hiyo usiku.

La tano, ukweli usemwe. Tarehe 4 mwezi wa sita na tarehe 12 mwezi wa tano zinakumbukwa na wazee waliokuwa vijana wakati ule, na kila mwaka wazee hao wanapungua. Familia za 1969 hazikupewa maiti. Familia za 1990 hazikupewa hesabu. Serikali yenye kuwaomba vijana watoe damu kwa ajili ya inchi ingekuwa na sauti yenye nguvu zaidi kama kwanza ingetaja majina ya wale ambao inchi yenyewe iliwamwaga damu.

Kwa mzazi anayesoma maneno haya na ambaye mtoto wake amemwambia anataka kwenda Base: usimfungie mlango, na usimsukume. Mwulize anaingia kwa jina gani, kwa muda gani, na karatasi gani. Mpeleke chuoni kwake mbele hajaondoka, achukue karatasi ya pointi zake yenye muhuri, na uiweke wewe mwenyewe pamoja na hati ya kuzaliwa. Siku atakaporudi, hiyo ndiyo itakayomfungulia tena mlango wa darasa.